Sauti Iliyopanda Kiberenge

Gaudiosa hakuwa mtu wa kutaka mambo mengi. Wenzake pale Kidete walitaka bati jipya, walitaka cherehani, walitaka waume zao waache pombe. Yeye alitaka kitu kimoja tu, na kilikuwa cha ajabu kiasi kwamba hakumwambia mtu mpaka alipovuka miaka arobaini: alitaka kuwa mwimbishaji wa gengi la reli. Na alitaka iwe kazi hasa, yenye mshahara kama wa wanaume wa gengi, siyo msaada wa kuombwa mara moja moja.

Mtu ambaye hakuzaliwa karibu na reli huenda asijue mwimbishaji ni nani. Chuma cha reli ni kirefu na kizito, hubebwa na watu wengi kwa pamoja, kila wawili na koleo lao. Wote wanapaswa kunyanyua kwa mpigo mmoja, kutembea kwa mpigo mmoja na, hapo ndipo penye hatari, kutua kwa mpigo mmoja. Mmoja akitua kabla ya wenzake, mguu wa mtu unabaki chini. Basi husimama mtu pembeni, hashiki koleo wala mtaimbo, anaimba, na wenzake wanaitikia na kunyanyua penye kiitikio. Mpita njia akimwona atasema huyo ndiye mvivu wa gengi. Wenyewe wanajua kwamba wamemkabidhi miguu yao.

Mzee Lukasi, baba yake Gaudiosa, alikuwa mtu huyo kwa miaka mingi. Babu yake Gaudiosa ndiye aliyekuja na kazi ya reli kutoka upande wa Kigoma, akazaa Kidete, akazikwa Kidete, na Lukasi akakulia kwenye nyumba za gengi zilizopangana kando ya mto Mkondoa. Gaudiosa ndiye aliyekuwa akimpelekea baba yake chakula cha mchana. Alifuata mataruma, yale mapande yanayolaliwa na reli, bakuli lake kichwani, na kabla hajawaona wanaume aliisikia sauti.

“Huyu mgeni mzito!”

“Tumbebe!”

“Katoka mbali!”

“Tumbebe!”

“Hana miguu!”

“Tumbebe!”

Na mwisho kabisa, baada ya kukawia kidogo, “Kafika kwake!” na wote, “Tumtue!” Chuma kililala mahali pake kwa mlio mmoja mzito ambao msichana yule aliusikia mpaka tumboni. Bakuli la ugali lilipoa pale chini na hakujali. Siku moja baba yake alikuwa na kikohozi, akamwambia kwa utani, “Haya mama, waimbishe wewe.” Wanaume wakacheka. Gaudiosa akaimba. Walinyanyua huku bado wanacheka, wakatembea, wakatua, halafu kicheko kikaisha, wakatazamana. Jioni mzee Lukasi alimwambia mkewe, “Huyu mtoto ana jicho.” Gaudiosa alikuwa nje anaosha vyombo. Alilisikia neno lile na akaliweka moyoni kwa maisha yake yote.

Sasa kulikuwa na desturi kwenye nyumba zile za gengi. Mzee akikaribia kustaafu, alivaa shati safi, akamshika mwanawe mkono, akampeleka kwa nyapara na kusema, mimi nimechoka, damu yangu hii hapa. Haikuwa sheria ya shirika wala ya serikali, ilikuwa heshima tu, na nyapara mwenye adabu hakuikataa. Mzee Lukasi alipochoka alimpeleka Timotheo.

Timotheo alikuwa mdogo wake Gaudiosa. Alikuwa kijana mzuri, mcheshi, na sauti yake kwenye kuimba ilikuwa ya mbuzi aliyekabwa. Asubuhi ile Gaudiosa ndiye aliyempigia pasi shati. Alipomaliza alisimama mlangoni akiwatazama wakitoka, akingoja baba yake ageuke, aseme hata neno. Mzee hakugeuka. Na kinachouma mpaka leo si kwamba alimnyima. Kumnyima kungekuwa na maana kwamba alimfikiria. Mzee Lukasi alimpenda binti yake kuliko roho yake, lakini wazo la kumpeleka yeye kwa nyapara halikuwahi kumpitia kichwani, kama vile wazo la kumwozesha Timotheo kwa mahari ya ng'ombe lisivyoweza kumpitia.

Timotheo hakumaliza mwaka. Alisema reli inamvunja mgongo, akakimbilia Mikumi, akajifunza udereva, na sasa anazungusha watalii mbugani kwenye gari lisilo na madirisha. Kazi ya uimbishaji ikaondoka naye, maana magengi yenyewe yalipunguzwa na nyumba nyingi za gengi zikabaki na popo.

Gaudiosa alizunguka. Alikwenda Ruhembe kwenye mashamba ya miwa, akapewa jembe la kupalilia pamoja na wanawake wenzake, huku wanaume wakikata miwa na kulipwa vizuri zaidi. Aliomba panga. Msimamizi alimwambia wakataji huamka alfajiri na kulala kambini, na akipata mtoto je, atamwachia nani? “Anza na kupalilia, tutaona.” Akapalilia misimu kadhaa na hawakuona kitu. Akaenda Mikumi kwa Timotheo, akafua mashuka ya hoteli. Wapagazi na madereva walipewa bakshishi mkononi na wageni waliokuwa wakiondoka, lakini wafuaji walikuwa nyuma kwenye karai na wageni hawakujua kama wapo. Kule nako aliomba kazi ya mbele, akaambiwa tutaona. Kila mahali alipokuwa aliisikia reli ambayo haikuwepo. Ruhembe hakuna treni inayopita usiku ikatikisa kitanda, na yeye bila kutikiswa hakulala vizuri.

Mwishowe alirudi. Aliolewa na Mathias, mkulima wa mpunga na mahindi, mtu mpole wa maneno machache, wakapata watoto watatu, wa kwanza Natalia. Alikaanga maandazi akauza stesheni siku za treni. Mathias alijua kwamba mke wake akisikia mlio wa chuma huacha maandazi yakaungua, na hakuwahi kumwuliza kwa nini. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anakula yaliyoungua na kushukuru.

Halafu Mkondoa ukafanya yake.

Ulijaa kama unavyojaa miaka mingine, lakini safari hii ulibeba tuta zima, reli ikabaki inaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa. Treni zikasimama. Haukupita muda akaja mkandarasi na mabehewa ya kulala, kokoto, mitambo miwili mitatu, na tangazo kwamba wanatafuta vibarua wa hapohapo. Watu walijaa stesheni. Msimamizi, kijana mchangamfu aliyeitwa Godfrey, alipanda juu ya taruma na kusema wanaume wakae upande huu, akina mama upande ule. Gaudiosa alikwenda akasimama upande wa wanaume.

“Shikamoo mama,” Godfrey alisema. “Jikoni ni upande ule.”

“Marahaba. Mimi nimekuja gengini.”

Watu waliangua kicheko, wa upande huu na wa upande ule pia, na wa upande ule ndio walicheka zaidi. Godfrey naye alicheka, bila ubaya. “Mama, reli ni nzito. Sitaki nilaumiwe na mzee nyumbani.”

Nyapara wa gengi alikuwa mzee mwenye kofia ya kitambaa, mdomo umejaa mapengo. Alimtazama Gaudiosa kwa muda, akasogea. “Wewe si binti wa marehemu Lukasi?”

“Ndiye mimi. Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mimi Abubakari. Baba yako ndiye aliyenifundisha kushika koleo, nilikuwa kijana mwenye pua inayotoka makamasi.” Akashusha sauti. “Ingia jikoni kwanza, mwanangu. Huku tutaona.”

Akaingia jikoni. Mshahara wa jikoni ulikuwa karibu nusu ya ule wa gengi, kwa sababu gengini, walieleza, panahitaji nguvu. Maji ya kupikia yalitoka mtoni, ndoo kichwani na dumu mkononi, kupanda tuta na kushuka, mara nyingi kwa siku. Hiyo haikuitwa nguvu. Hiyo iliitwa maji.

Na wanaume wale hawakujua kubeba reli. Walikuwa vijana waliotoka kulima, kuendesha bodaboda, kuuza nyanya Dumila, wana misuli ya kutosha lakini kila mmoja ana mpigo wake. Abubakari alijaribu kuwahesabia, moja mbili tatu, ila pumzi yake ilikuwa imekwisha na mapengo yaliila ile tatu. Siku moja Gaudiosa alikuwa amepeleka uji. Walikuwa wamenyanyua chuma nusu, upande mmoja uko magotini, upande mwingine bado chini, nyuso zimewavimba, na kijana mmoja jirani yake Gaudiosa, Fortunatus, anateleza kwenye kokoto. Gaudiosa hakuamua kitu. Alishtukia ndoo ya uji iko chini na mdomo wake uko wazi.

“Huyu mgeni mzito!”

Hawakujua kuitikia. Aliyejua alikuwa mmoja tu, na alikuwa na mapengo. “Tumbebe!” Abubakari alipiga kelele, machozi yakimtoka papo hapo.

“Katoka mbali!”

“Tumbebe!” Sasa walikuwa watano. Kisha wote. Chuma kilipanda kikanyooka, kikaanza kutembea. Gaudiosa alitembea nacho pembeni, macho chini, akitazama miguu: nani amekanyaga kokoto imara, nani bado, nani anabadili mkono. Fortunatus alikuwa bado. Akamngoja. Aliongeza “Hana miguu!” mara mbili, akaongeza ya tatu, mpaka alipoona kisigino cha kijana yule kimekaa. “Kafika kwake!”

“Tumtue!”

Mlio mmoja. Gaudiosa aliokota ndoo yake ya uji. Alikuwa na furaha ambayo hata siku ya harusi yake hakuipata, Mathias anisamehe kwa kulisema.

Tangu siku ile alikuwa na kazi mbili. Aliamka mapema zaidi, akamaliza uji na kubandika maharage, akawaachia wenzake kuchochea, akapanda relini. Wanaume walimzoea, wakamtania, naye akawatania ndani ya wimbo. Aliyechelewa kuamka aliimbwa, aliyegombana na mkewe aliimbwa, na hata Godfrey aliimbwa kwa viatu vyake visivyochafuka. Kazi ilikwenda. Wakubwa walikuja kutoka Kilosa kukagua, wakapiga picha, wakasema mama huyu anachangamsha kweli. Godfrey alikuwa anaona fahari. Alimrekodi kwa simu yake, wimbo mzima, kuanzia kunyanyua hadi kutua, na jioni alimchezea ausikie. Gaudiosa hakuwahi kuisikia sauti yake kutoka nje. Alicheka, akaziba uso kwa kanga, akaomba arudie.

Mwisho wa mwezi alipokea mshahara wa jikoni.

Alimfuata Godfrey kwa adabu. “Mwanangu, na ile kazi ya relini?”

“Ipi mama? Ile ya kuimba?” Godfrey alishangaa kwa dhati. “Ile si unatusaidia tu? Mbona unaipenda, unaonekana kabisa.”

“Naipenda. Wewe huipendi yako?”

Godfrey alijikuna kichwa. Akamweleza kwa upole kwamba kwenye mkataba kuna vibarua wa gengi na kuna jikoni, hakuna mwimbishaji, mambo hayo yalikuwa ya zamani. Kibarua wa gengi ni anayebeba. Asiyebeba hawezi kulipwa kama anayebeba. Gaudiosa alitaka kumwuliza yeye anabeba nini zaidi ya simu, akameza, maana bado alikuwa anaomba.

“Tukimaliza hapa tunahamia Godegode, kisha Gulwe,” Godfrey aliendelea. “Huko nako mto umekula tuta. Kule nitakuombea ofisini, tutaona.”

Akaishi na maneno hayo. Godegode! Hakuwahi kufika, ingawa ni stesheni ya jirani tu; treni zote alizozijua maishani mwake zilikuwa zimepita mbele ya maandazi yake zikielekea huko. Alianza kujiandaa kimyakimya. Aliongea na dada yake Mathias kuhusu watoto. Alifua begi la Timotheo la zamani, akalianika nyuma ya nyumba. Mathias aliliona.

“Unasafiri, mama Natalia?”

“Labda. Na gengi.”

Mathias alivua kofia, akaivaa tena. “Watoto watakula,” alisema. “Mimi najua kusonga ugali.” Kwa mtu wa maneno machache, hayo yalikuwa hotuba, na Gaudiosa aliingia ndani akalia kidogo kwa kumpenda.

Hivyo usije ukasema mume alimzuia. Watu wakisikia habari hii huuliza la mume kwanza. Mume hakumzuia. Godfrey naye hakumkataza. Siku ya kuhama, mabehewa yakiwa yameshafungwa kwenye injini, Godfrey alimwita pembeni, amekunja uso kwa huruma, akamwonyesha behewa la kulala: vitanda vya juu na chini, wanaume tupu, choo kimoja kisicho na mlango. “Nitakulaza wapi, mama? Nimefikiria sana. Hakuna mahali pa mwanamke.” Na kweli hapakuwepo. Aliyetengeneza mabehewa yale zamani hizo hakuwa na ugomvi na Gaudiosa. Alipokuwa anapima vitanda, Gaudiosa hakumpitia kichwani, kama ambavyo hakumpitia baba yake.

“Lakini usisikitike,” Godfrey alisema, akaangaza uso. “Tunaenda nawe.” Akatoa kwenye mkoba spika ndogo ya kuchaji, akaiunganisha na simu yake, akaiwasha.

“Huyu mgeni mzito!” Gaudiosa alijisikia akiimba.

Vijana waliokuwa wamekaa kwenye kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, nyuma ya mabehewa waliitikia kwa furaha, “Tumbebe!” Godfrey akapanda nayo, kiberenge kikang'oa, na ile sauti ikaenda nacho. Abubakari alikuwa amekaa nyuma kabisa, mgongo kwa wenzake, anamtazama Gaudiosa. Hakuitikia. Gaudiosa alibaki amesimama na begi lake mpaka kona ya mlima ilipoufunika wimbo. Sauti ilikuwa imepata kazi. Mwenyewe alirudi kuwasha mkaa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Habari zilimfikia kupitia walinzi wa reli: kwamba spika inafungwa kwenye mti, kwamba kwenye kunyoosha reli kwa mitaimbo inafanya kazi safi, kwamba vijana wa Godegode wameshaujua wimbo na watoto wanaucheza. Watu walimpongeza, mama, umekuwa msanii. Alikuwa akikaanga na mara anajikuta midomo inacheza. Saa ambazo kawaida wanaanza kubeba, alitoka nje na kutazama upande ule kama mtu anayemngoja mgonjwa. Alijiuliza kama wanakanyaga vizuri. Alijiuliza nani anawatazama miguu. Alikuwa anamwonea wivu yule Gaudiosa wa ndani ya spika, na kumwonea wivu mtu ambaye ni wewe mwenyewe ni jambo la kuchosha sana.

Halafu Fortunatus akarudi.

Alishushwa kwenye kiberenge cha ukaguzi, mguu umefungwa bandeji mpaka juu ya kifundo, magongo mapya kwapani. Vidole vitatu vilibaki Godegode. Mama yake alipiga yowe lililosikika hadi sokoni. Gaudiosa alipokwenda kumpa pole, kijana alisema bila kulalamika, “Nilikuwa sijakanyaga, mama mkubwa. Mawe yalikuwa yanateleza. Sauti yako ikasema kafika kwake, wenzangu wakatua.” Akauvuta mguu karibu. “Ungekuwepo ungeningoja.”

Gaudiosa alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kufungua dirisha. Ni sauti yake iliyosema. Kokote alikojaribu kulilaza jambo lile, liliinuka tena.

Wiki hiyohiyo kiberenge kilisimama stesheni na Abubakari akashuka, peke yake, mwendeshaji akibaki juu. Alikuja moja kwa moja kwenye maandazi. Walisalimiana. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu ya Godfrey mfukoni, akaishika kama kitu kilichooza.

“Nimetumwa,” alisema. “Anataka uimbe tena, polepole zaidi. Anasema ile ya kwanza ina haraka.”

“Haina haraka, baba. Ilikuwa ya miguu ya siku ile.”

“Najua.”

“Hata nikiimba polepole kama mazishi, ipo siku mmoja atakuwa bado. Mimi siimbi, mzee wangu. Mimi natazama. Wimbo ni wa kuwaambia nilichoona.”

“Najua, mwanangu. Baba yako aliniambia maneno hayohayo. Mimi najua, ofisi ndiyo haijui, na Godfrey anaijua ofisi kuliko anavyoijua reli.”

“Ifuteni, basi. Mhesabu kwa mdomo, yeyote mwenye macho, mpaka mpate mtu.”

“Nikiifuta narudi na nini?”

Gaudiosa alifuta mikono kwenye kanga. “Rudi na mimi.”

Mzee alimtazama kwa furaha, halafu furaha ikamtoka pole pole. “Alisema ungeweza kusema hivyo. Alisema ukitaka, uje. Lakini uje kwa jikoni, kwa mshahara wa jikoni, na chumba ukapange kijijini mwenyewe. Ukishakuwa pale, anasema, ataendelea kukuombea.”

Kiberenge kilikuwa kinanguruma. Begi la Timotheo lilikuwa bado liko nyuma ya mlango, halijafunguliwa. Mathias alikuwa shambani, lakini jibu lake lilijulikana. Neno “ndiyo” lilikuwa limeshamjaa Gaudiosa mdomoni. Angeimba bure, Mungu anajua, angeimba kwa makombo ya ugali, ilimradi asimame tena pembeni ya chuma na miguu ile mbele ya macho yake. Na hapohapo akaona jinsi wote walivyolijua hilo. Ruhembe walijua, Mikumi walijua, Godfrey alijua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana alimwambia unaonekana kabisa. Bei yake walikuwa wameisoma usoni. Akipanda leo kwa jikoni, atakuwa jikoni mpaka meno yamtoke, na atakayekuja baada yake, awe Natalia au binti wa mwingine, ataambiwa hata yule mama Gaudiosa aliridhika.

“Kwa gengi, baba,” alisema. “Nipeni ya gengi, na mahali pa kulala penye mlango. Vinginevyo siji.”

“Sina uwezo huo.”

“Najua huna.”

Mteja mmoja alikuja akanunua maandazi mawili, akaondoka.

“Nitakwenda Kilosa nikaseme mwenyewe,” Abubakari alisema. “Nitawaambia ni binti wa nani.”

“Waambie ninachofanya,” Gaudiosa alisema. “Binti wa nani waliambiwa siku nyingi.” Kisha akanyoosha mkono. “Nipe niisikie kabla hujaifuta.”

Alimwekea. Gaudiosa aliiegemeza simu sikioni, akafumba macho. Alisikia mto, alisikia kokoto, alisikia wanaume wakipumua kwa pamoja na mwanamke mmoja akiwaita, ametulia, hana haraka na hana wasiwasi, kama mtu aliye kwake. Alisikia pale alipomngoja Fortunatus, maana siku ya kurekodiwa nako alimngoja. Hakujua kama alikuwa na sauti nzuri namna ile. Ilipokwisha aliirudisha simu. “Futa,” alisema. Mzee alibonyeza kwa kidole kimoja, akakosea, akabonyeza tena, akamgeuzia kioo aone. Pale palikuwa patupu.

Abubakari alipanda kiberenge bila kuaga, maana alikuwa analia na hakutaka mwendeshaji amwone. Gaudiosa alikitazama kikienda. Hakujuta, kama kingerudi nyuma angejibu vilevile. Lakini alilia, alilia kwa sauti mbele ya watu na maandazi yake, na aliyedhani analilia mshahara alikosea. Kwa majuma yale yote kulikuwa na Gaudiosa mmoja aliyekuwa akifika kazini kila asubuhi, akisimama mbele ya wanaume huko Godegode ambako huyu hajawahi kufika. Sasa naye amerudishwa nyumbani.